Naenda tamasha la animesheni za dhahania kwa mara ya kwanza, naombeni mwongozo (niko na mtoto aliyewahi kupata degedege)

Mwanatanga613

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu. Mimi ni mama, mtu wa Tanga, huu ni mwaka wa sita niko huku Ottawa. Naomba mawazo kwa wale mnaoyajua haya mambo manake mi sijui hata pa kuanzia.

Binti yangu ana miaka 15, tangu mdogo ni mtu wa kuchora tu, ukiona kimya chumbani ujue yuko na penseli. Sasa mwalimu wake wa sanaa amempa pasi mbili za tamasha la animesheni la hapa Ottawa, lile la Septemba, akamwambia aende na mzazi. Nikafurahi, nikajua ni katuni, tutaenda tutacheka tutarudi nyumbani. Jana usiku ananionyesha ratiba, kumbe onyesho analolitaka kuliko yote ni la filamu za dhahania. Nikamuuliza ndo nini hizo, akasema mama hazina watu, hazina wanyama, hazina hadithi, ni mistari na maumbo na rangi zinatembea. Saa nzima na nusu! Akaniwekea moja kwenye laptopu, ya zamani, ya dakika mbili na kidogo, vidoti vinatokea vinapotea na kila kidoti kina mlio wake. Ikaisha akanigeukia, macho yanang'aa, anasubiri niseme kitu. Sikuwa na la kusema. Sikuichukia, ila sikujua nilitakiwa nione nini.

Hilo ndo linaniuma. Huyu mtoto haongei sana siku hizi, na hiki ndo kitu ameniomba twende wote, sitaki nikae pembeni yake kama nguzo halafu tukitoka niseme ilikuwa nzuri basi. Nataka tuongee. Je kuna namna ya kuangalia hivi vitu?

La pili ndo kubwa zaidi. Alipokuwa mdogo kule Tanga alipata degedege za homa mara mbili. Halafu tumefika huku ana miaka 9 akapata nyingine, hana homa wala nini, alikuwa anaangalia TV. Walimpima kichwa kwa nyaya, akapewa dawa, akatumia akaachishwa, tangu hapo hajapata tena, alhamdulillah. Sasa nimesikia hizi filamu zina mwanga wa kuwaka na kuzima. Nisimpeleke? Na nikimkatalia nitamwambiaje?

La tatu dogo tu, onyesho ni saa moja jioni na Magharibi ya Septemba hapa ndo inaingia muda huo huo. Mtu anaweza kutoka katikati akarudi au ni aibu? Asanteni.

Mtoto_wa_Vuga

Dada wa Tanga shikamoo kama umenizidi, kama sijakupita basi habari. Mi niko Toronto, kila Septemba napanda basi kuja huko kwenu, masaa matano, hii itakuwa mara yangu ya tano kwa hiyo nitakwambia ninachokijua. La ugonjwa namuachia mwenye ujuzi nalo, humu ndani wapo.

Nikuulize kitu. Taarab asilia umewahi kuhudhuria? Sisi Vuga, pale mjini Unguja, klabu ya taarab ya Culture iko pale pale, mi utoto wangu nimelala milio ya mazoezi inaingia dirishani. Taarab ile haianzi na mwimbaji, inaanza na bashraf. Vyombo vitupu, kanuni, fidla, udi, nai, hakuna neno hata moja. Na sijawahi kumsikia bibi yoyote akiuliza hii bashraf maana yake nini. Anakaa, anatulia, kidole kinaanza kugonga goti, na mtu akija kumsemesha anamnyamazisha kwa mkono. Filamu za dhahania kwangu mimi ni bashraf ya macho. Mwaka wa kwanza nilikaa nusu saa nzima natafuta maana, kichwa kinauma, mpaka nilipokumbuka lile dirisha la nyumbani ndo nikaegemea kiti nikaanza kuona.

Na bashraf yenyewe inakufundisha pa kushika. Kuna vipande vinabadilika, halafu kuna kipande kimoja kinarudi baada ya kila kimoja, ukishakikamata hicho hupotei tena. Fanya hivyo hivyo kwa macho. Filamu ikianza chagua kitu kimoja, doti moja, rangi moja, kifuate. Kinakwenda wapi, kinakutana na nini, kinarudi lini, kikirudi kimebadilika? Hayo ndo mtakayoongea na binti yako mkitoka. Usimuulize ilimaanisha nini, muulize uliona ile nyekundu iliporudi mara ya tatu ilikuja upande gani. Utaona atakavyoongea.

Hili la muziki silitoi kichwani mwangu. Walioanzisha hizi filamu Ujerumani miaka ya 1920 walikuwa wachoraji wanaoutamani muziki. Viking Eggeling, Msweden, alichora maumbo yake kwenye makaratasi marefu ya kukunja kwa miaka, akayatafutia njia ya kutembea, filamu yake akaiita simfonia. Ilionyeshwa Berlin tarehe 3 Mei 1925 asubuhi ya Jumapili kwenye onyesho la filamu za namna hiyo, pamoja na kazi za wenzake Ruttmann na Richter, watu wakajaa mpaka likarudiwa wiki iliyofuata. Eggeling mwenyewe alikufa tarehe 19 mwezi huo huo, ana miaka 44. Mi kila nikikaa kwenye giza la sinema huwa nawaza wale waliokaa Berlin siku ile, walikuwa na swali lako hili hili na hawakuwa na mtu wa kumuuliza.

Halafu nyie mko Kanada, mna bahati. Ile ya vidoti aliyokuonyesha mtoto bila shaka ni ya Norman McLaren, Mskochi aliyehamia Kanada akafanya kazi bodi ya filamu ya taifa tangu 1941. Tamasha la Ottawa lilipoanza 1976 yeye ndo alikuwa rais wake wa heshima. Sehemu kubwa ya filamu zake ziko bure kwenye tovuti ya bodi, huna haja ya kulipa. Kabla hamjaenda kaeni wote muangalie ile aliyotengeneza 1949 pamoja na Evelyn Lambart, muziki wa mpiga piano wa jazz Oscar Peterson na wenzake, inaitwa Begone Dull Care, haifiki dakika 8. Kamera haikutumika. Walichukua mkanda mtupu wa filamu wakaupaka rangi kwa mkono, wakaukwaruza, wakaubandikia vumbi na nyuzi na kitambaa cha lesi, na sehemu nyingine hawakujali mipaka ya fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, kabisa, walipaka kama unavyopaka ukuta. Fremu moja ya mkanda wa mm 35 ina ukubwa wa stempu ya barua, na kila sekunde zinapita 24. Ukishajua hivyo kila chembe inayopita unaiona mkono wa mtu.

Kuhusu kutoka, filamu ni fupi fupi, zinaweza kuwa kumi na zaidi kwenye onyesho moja, na kila moja ikiisha watu wanapiga makofi. Subiri makofi ndo utoke, kaa kiti cha pembeni, ukirudi simama nyuma mpaka inayoendelea iishe. Hakuna atakayekuangalia vibaya. Ila angalia ratiba vizuri, programu za mashindano huwa zinarudiwa siku nyingine, pengine mtapata ya mchana mkasali kwa nafasi.

Nesi_Tabata

Dada pole, na hongera kwa kuuliza mapema. Mi ni nesi, nimefanya kazi na watoto wenye kifafa miaka mingi, na nitakuomba uchukue hili kwa uzito bila kuogopa kupita kiasi.

Degedege za homa za utotoni ni jambo lingine, zile nyingi zinaisha zenyewe na hazihusiani na mwanga. Inayonishtua ni ile ya miaka 9, bila homa, mbele ya TV. Inaweza ikawa sadfa tu. Kati ya wenye kifafa ni wachache sana wanaoguswa na mwanga, kama 3 katika 100, lakini hao wachache wengi wao ni watoto na vijana, umri wa binti yako. Kwa hiyo cha kufanya kiko wazi. Kile kipimo cha nyaya kwa kawaida kinakuwa na sehemu ambayo mgonjwa anawashiwa taa inayopigapiga usoni kwa kasi tofauti tofauti huku mashine inasoma ubongo. Majibu yake yapo kwenye faili. Piga simu kwa daktari wake wiki hii, muulize neno moja, je mwanga ulimgusa au haukumgusa? Na mwambie mnataka kwenda wapi. Usichukue jibu la humu ndani, hata langu, likawa badala ya hilo.

Kwa nini sinema hizi hasa. Mwanga unaosumbua ni ule unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na hatari kubwa iko kati kati hapo, kuanzia 15 mpaka 20 hivi. Sasa hapo juu kaka amesema fremu 24 kwa sekunde. Mtengenezaji akiweka fremu moja nyeupe moja nyeusi, moja nyeupe moja nyeusi, hapo mwanga unapiga mara 12 kwa sekunde. Akiweka mbili mbili ni mara 6. Yaani mchezo rahisi kabisa wa fundi wa filamu unaangukia kwenye kasi mbaya bila yeye kukusudia. Na rangi nyekundu iliyokolea inaongeza hatari. Japani tarehe 16 Desemba 1997 kipindi cha katuni cha watoto kilikuwa na sekunde chache za nyekundu na bluu zikipishana mara 12 kwa sekunde, watoto 685 wakapelekwa hospitali jioni ile. Wengi hawakuwahi kupata degedege kabla. Kwa hiyo hata ambao hawana historia wasidharau.

Daktari akiruhusu, mkae viti vya nyuma kabisa, skrini ikiwa ndogo machoni ndo salama zaidi. Alale vizuri usiku wa kabla, asiende na njaa. Na mfundishe hili mpaka alizoee: mwanga ukianza kupigapiga afunike JICHO MOJA kwa kiganja, lote, halafu ageuze uso pembeni. Asifumbe macho yote, watu wengi wanakosea hapo, mwanga unapenya kwenye kope na kupigapiga kunaendelea. Kufunika jicho moja kunapunguza kiasi cha ubongo kinachopigwa. Akihisi kichwa chepesi, kichefuchefu, au mkono unarukaruka, mnatoka nje hapo hapo, msisubiri makofi.

Pia andikia tamasha barua pepe kabla, uliza ni filamu zipi kwenye onyesho lile zina mwanga wa kupigapiga. Ni swali la kawaida, hutakuwa wa kwanza kuuliza.

Na hizo za McLaren mnazotaka kuangalia nyumbani, sio zote salama kwake. Ile ya 1955 inayoitwa Blinkity Blank imejengwa kwa picha za kumweka mweka katikati ya giza, msianze na hiyo mpaka daktari ajibu.

Fundi_Isamilo

Mimi nitasema tofauti kidogo, dada usinielewe vibaya. Nilipelekwa kwenye tamasha la namna hii Ujerumani nilipokuwa masomoni, mji na jina siutaji. Filamu kumi na nne mfululizo za maumbo. Ya kwanza nikapenda, ya pili nikapenda, ya tano macho yanawasha, ya nane sikuwa naona chochote tena, nimekaa tu nasubiri taa ziwashwe. Na wenzangu pale wanaongea lugha nzito nzito, mtu asiyeelewa anajisikia amefukuzwa.

Mimi naamini picha bila mtu ndani yake inakosa kitu. Sisi tumekulia hadithi. Bibi akisema paukwa unajibu pakawa, hapo safari imeanza na kuna sungura na fisi ndani. Ukiniondolea sungura na fisi unaniachia nini? Nasema kwa moyo safi kabisa, nilitamani kupenda nikashindwa.

Ila nikubali kitu kimoja. Kulikuwa na moja, mistari myeupe kwenye giza, imekwaruzwa tu, na sauti yake ni ngoma. Ile ilinishika kifua. Mpaka leo sijui kwa nini.

Mtoto_wa_Vuga

Fundi, hiyo iliyokushika naijua! Kwa ulivyoieleza ni Free Radicals ya Len Lye wa New Zealand, ya 1958. Na nitakwambia kwa nini ilikushika: zile ngoma ni za Wabagirmi, watu wa Chad. Lye alichukua mkanda mweusi akaukwaruza kwa sindano na vyuma vya ncha, kila mchubuko unapitisha mwanga, akaufunga na ngoma ile mpaka mstari unajipinda mdundo unapojipinda. Mi nilivyoiona mara ya kwanza nilisikia ngoma kabla sijauona mstari, mwili ulishajua. Kwa hiyo usiseme hakukuwa na mtu ndani yake kaka, kulikuwa na wapiga ngoma wa Kiafrika.

Kuhusu filamu kumi na nne mfululizo, hapo nakuunga mkono asilimia mia. Huo ni upangaji mbaya, jicho linachoka kama mguu unavyochoka. Hata bashraf huwekwa moja mbele, hawakupigii kumi. Dada ukiona umechoka fumba macho filamu moja nzima usikilize sauti tu, halafu rudi. Na mpangaji mzuri huweka nzito, kisha nyepesi, kisha ya kimya. Ndo maana Ottawa mi napenda zaidi zile programu zilizochanganywa, ya hadithi halafu ya mistari halafu ya mwanafunzi fulani, ile ya mistari ikija inakuwa kama kunywa maji. Na mashindano yao yamewahi kuwa na zawadi ya filamu fupi isiyo na hadithi, peke yake, sio matamasha mengi yanaipa heshima hiyo.

Mwana_Kivu

Jambo mama, jambo bandugu. Mimi ni wa Bukavu, niko Montréal tangu 2011. Niliendaka Ottawa mara mbili na hapa Montréal nafanyaka kazi na batoto, tunabafundisha kuchora moja kwa moja juu ya filme. Nitaongeza kitu moja tu juu ya sauti, juu bote munaongea macho.

Ile ya vidoti, McLaren hakuchora picha peke yake. Alichora na mlio. Kwenye filme ya zamani, pembeni ya picha kuna kamstari kembamba, mwanga inapita mule ndani, mashine inageuza ule mwanga kuwa sauti. Basi yeye alikamata kalamu na wino akachora ndani ya kale kamstari, kidoti kidogo mlio mudogo, kikubwa mlio mukubwa. Hakuna chombo, hakuna mwanamuziki. Mwaka wa 1971 akafika mbali zaidi, alifanya ingine inaitwa Synchromy, akachukua zile alama zenyewe za sauti akaziweka katikati ya skrini na rangi. Mistari ikiwa mingi na myembamba, sauti iko juu. Ikiwa michache na minene, sauti iko chini. Ikipanuka, sauti inapanda nguvu. Mule ndani unachoona NDO unachosikia, hakuna tofauti. Mama, ukielewa ile, hautauliza tena ina maana gani. Lakini ile nayo inapigapiga sana, usimuonyeshe mutoto mbele munganga hajasema.

Na mimi batoto benye nafundisha hawaulizake kitu. Mutoto wa miaka 7 anakwaruza mkanda kwa sindano dakika kumi, tunaweka kwenye projekta, inapita sekunde tatu, anapiga kelele, ile ni yangu! Ni bazazi benye bako nyuma ndo banauliza ni nini. Siwalaumu, nawapatia na bo sindano.

Fundi, unasema tumekulia sungura na fisi, ni kweli. Lakini mama yangu alikuwaka anasuka vikapu, na alikuwa na mitindo ya kusuka yenye hakuna mutu alimuuliza ni sungura iko wapi. Aliangaliaka tu kama mstari umetoka sawa, akiona umekosea anafungua yote anaanza upya. Uso wake wakati ule ndo naonaka kwa batu ba animesheni, uso ile ile.

Mwanatanga613

Ndugu zangu nimesoma yote mara mbili, nyingine nimemsomea binti. Mwenyezi Mungu awalipe. Daktari nimepigia leo, amesema atatafuta faili. Fundi nakushukuru na wewe, manake umesema ambalo mimi mwenyewe lilikuwa moyoni.

Kaka wa Kivu umenikumbusha nyumbani, bibi yangu Pangani alikuwa anasuka ukili wa mikeka, miyaa anaipaka rangi mwenyewe. Nakumbuka alivyokuwa anahesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

Mwanatanga613 (mrejesho)

Assalaam alaykum, nilisema nitarudi na nimerudi.

Daktari alipiga siku tatu baadaye. Kipimo cha wakati ule walimuwashia taa na haikumgusa, amesema anaweza kwenda kwa masharti, na masharti yake ni yale yale ya Nesi, viti vya nyuma, usingizi, jicho moja. Niliandika barua pepe nikajibiwa kwa heshima kabisa, wakanitajia filamu mbili zenye mwanga wa kupigapiga na wakanieleza moja ni ya ngapi kwenye mpango. Tulichukua onyesho la mchana.

Ilikuwa ByTowne pale Rideau Street, sinema ya zamani yenye ukumbi mmoja mkubwa, mi miaka yote sita napita pale na basi kwenda kazini sijawahi kuingia. Tukakaa nyuma kabisa. Taa zikazimwa, nikamshika mkono, akaniachia niushike, na huyu mtoto siku hizi hashikwi mkono.

Ya kwanza ilikuwa duara. Duara tu nyeupe, inakua, inagawanyika, zinakuwa mbili, nne, halafu zinaanza kukosana, moja inachelewa kidogo. Nikakumbuka fuata kitu kimoja. Nikaifuata ile iliyochelewa. Kila wenzake wakifika juu yeye yuko njiani, mpaka mwisho zote zikasimama zikamsubiri. Jamani sikutegemea, koo lilinibana. Duara! Haina macho wala mdomo. Nikawaza siku zangu za kwanza hapa Ottawa, kila mtu anatembea haraka kuniacha, wala sikujua nawaza hayo mpaka filamu imeisha watu wanapiga makofi.

Zile mbili zenye mwanga, ya kwanza ilipotangazwa tulitoka nje kabisa tukasimama kwenye ukumbi wa mbele, hatukutaka kujaribu bahati. Ya pili ilikuja mapema kuliko tulivyofikiri, akafunika jicho akageuka kwangu, nikamfunika na mtandio wangu mpaka ikaisha. Hakuna kilichotokea, salama. Kuna mama mmoja wa Kizungu kiti cha mbele aligeuka akaona, baadaye akaja kutuuliza kama mtoto yuko sawa.

Nyingine sikuzipenda, nisidanganye. Kulikuwa na moja ndefu ya kijivu kama mvua kwenye kioo, Fundi ungeondoka. Hapo nikafanya ulivyosema kaka wa Vuga, nikafumba macho nikasikiliza, na kwa sauti tu ilikuwa nzuri, kama upepo kwenye minazi. Nikamwambia binti, akasema mama mimi hiyo niliiona kinyume, niliziba masikio nikaangalia tu. Tumebishana juu ya filamu ile moja kutoka Rideau mpaka nyumbani, dakika arobaini kwenye basi. Mwaka huu wote hatujawahi kuongea dakika arobaini mfululizo.

Jioni akachukua daftari akachora lile duara lililochelewa, kurasa ishirini na kitu, kila ukurasa limesogea kidogo, ukizipeperusha kwa kidole linatembea. Kwenye la mwisho ameweka maduara mawili, kubwa na dogo, yako nyuma ya mengine yote. Hajaniambia ni nini na sijamuuliza.

Sasa kaka wa Kivu, anataka mkanda wa filamu, wa kweli, wa kukwaruza. Unapatikana wapi na aanze na nini?

Mwana_Kivu

Mama nimesoma hii niko kwenye metro, nikapita kituo changu.

Mwambie aanze na mkanda wa mm 16, ni rahisi kushika na bei iko chini kuliko wa 35. Uliza kwenye vyama vya watengenezaji filamu benye bangali banatumia filme, biko hapo Ottawa na hapa Montréal, waulize mkanda mweusi mtupu na mweupe mtupu, mara ingine banatoa bure vipande vyenye hawatumii. Mweusi ni wa kukwaruza na sindano, mweupe ni wa kuchora na kalamu ya wino isiyofutika. Kama amepata filme ya zamani yenye ina picha, aloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe (javel, jiki) yenye maji, picha inatoka inabaki wazi, lakini avae glavu na afungue dirisha, na aoshe na maji mengi.

Hesabu ni hii: futi moja ya mm 16 ni fremu 40. Fremu 24 ni sekunde moja. Kwa dakika moja nzima atahitaji futi 36, ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo aanze na futi 3 tu, ni sekunde tano. Akwaruze upande wenye utando, upande mwingine hautoki kitu, alambe kidole aguse, wenye unanata ndo wenyewe.

Na kwa historia yake, asiweke nyeupe nyeusi, nyeupe nyeusi. Kila umbo alirudie kwenye fremu nyingi akilisogeza kidogo kidogo, kama alivyofanya na lile duara. Akimaliza nitumie ujumbe, projekta ninayo, nitakuja nayo Ottawa mimi mwenyewe.